Saadat Hasan Manto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha na Kazi Zake

Manto ni nani hasa?

Saadat Hasan Manto (1912–1955) ni mwandishi wa Kiurdu ambaye wengi wanamhesabu kuwa fundi mkubwa kuliko wote wa hadithi fupi katika lugha hiyo. Hakufika hata umri wa miaka 43, lakini aliacha vitabu zaidi ya 20 vya hadithi fupi, riwaya moja, michezo ya redio inayozidi mia, makala, tafsiri, miswada ya filamu na wasifu wa watu aliowajua. Kwa kawaida watu humtaja kwa mambo mawili tu: hadithi zake za umwagaji damu wa mwaka 1947, India ilipogawanywa, na kesi alizofunguliwa kwa madai ya kuandika uchafu. Yote mawili ni kweli, ila yanamfinya. Mtu huyu alijifunzia kazi yake studio za redio, viwanda vya filamu na ofisi za magazeti. Ukizijua kazi hizo, ndipo unaelewa kwa nini hadithi zake ni fupi, kali, zimejaa mazungumzo, na zinakatika ghafla.

Alizaliwa wapi, na alilelewa katika mazingira gani?

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1912 Samrala, wilaya ya Ludhiana, jimbo la Punjab, wakati huo India ikiwa chini ya Waingereza. Ukoo wake ulikuwa wa Kiislamu wenye asili ya Kashmir, na alijivunia asili hiyo maisha yake yote. Baba yake, Ghulam Hasan, alikuwa hakimu, mzee mkali asiyetaka mchezo. Mama yake, Sardar Begum, alikuwa mke wa pili, na kaka zake wa kwa mke mkubwa walikuwa watu wazima waliosoma sheria. Saadat alikua akiipata hofu kwa baba na huruma kwa mama.

Utotoni aliishi Amritsar. Alikuwa karibu kutimiza miaka saba pale majeshi ya Waingereza yalipoumiminia risasi umati wa watu uliokusanyika katika uwanja wa Jallianwala Bagh, mjini humo humo, tarehe 13 Aprili 1919. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa, "Tamasha", inayaangalia matukio hayo kwa macho ya mtoto mdogo asiyeelewa kinachoendelea. Tangu siku ya kwanza, basi, alikwishachagua mahali pa kusimama: karibu na mtu mdogo, akiacha hotuba kubwa kwa wengine.

Ni kweli alifeli mtihani wa Kiurdu?

Ni kweli. Alianguka zaidi ya mara moja katika mtihani wa kumaliza shule, na alipofaulu alipata daraja la tatu, huku somo la Kiurdu lenyewe likiwa limemshinda. Baadaye alijiunga na chuo Amritsar, kisha mwaka 1934 akaenda Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh. Huko hakukaa. Alishukiwa kuwa na kifua kikuu, akaondoka, akaenda kupumzika Batote, katika milima ya Jammu.

Wapo wanaoisimulia habari ya kufeli kwa ajili ya kuchekesha. Mimi naiona na maana nyingine. Kiurdu kilichokuwa kikisifiwa shuleni kilikuwa cha mapambo, kimejaa Kiajemi na mafumbo ya washairi wa zamani. Kiurdu cha Manto ni cha dereva wa gari la farasi, cha kahaba aliyedaiwa kodi, cha muuza duka. Sentensi zake ni fupi, na mtu wa kawaida anazisoma bila kamusi. Mwalimu aliyetaka mapambo asingempa alama.

Nani alimwingiza katika uandishi?

Mwandishi wa habari aitwaye Abdul Bari Alig. Walikutana Amritsar mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati Manto alikuwa kijana asiye na mwelekeo, mshinda kijiweni na mcheza kamari. Bari alimwambia aache kupoteza muda, akampa vitabu vya Warusi na Wafaransa, kisha akamtaka atafsiri. Mwaka 1933 ilitoka tafsiri yake ya kitabu cha Victor Hugo kuhusu siku ya mwisho ya mtu aliyehukumiwa kifo, na mwaka uliofuata akashirikiana na rafiki yake kutafsiri mchezo wa Oscar Wilde. Akaendelea na hadithi za Kirusi. Mkusanyiko wa kwanza wa hadithi zake mwenyewe, *Atish Paray* (Cheche za Moto), ulitoka 1936.

Ingefaa kila kijana anayetaka kuandika azingatie hatua hii. Kabla ya kuwa mtunzi alikuwa mtafsiri. Alizibeba sentensi za wakubwa moja moja hadi lugha yake, na mikono yake ikazoea uzito wake.

Redio ilimsaidiaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalosahaulika.

Mwaka 1941 Manto aliajiriwa na Redio ya India Yote mjini Delhi kuandika michezo ya redio. Alikaa kama mwaka mmoja na nusu hivi, na katika muda huo akaandika michezo zaidi ya mia moja. Wenzake kazini walikuwa waandishi wa kiwango cha juu, wakiwemo Krishan Chander, Upendranath Ashk na mshairi N. M. Rashid. Manto alikuwa na taipureta ya Kiurdu, na mara nyingi aliipiga michezo hiyo moja kwa moja, pasipo rasimu ya mkono. Michezo mingine ilichapishwa vitabuni, kama *Aao* (Njooni) na *Janaze* (Majeneza).

Mchezo wa redio una masharti yake. Msikilizaji haoni kitu. Mhusika akiingia chumbani, sauti yake lazima imtambulishe papo hapo: umri, hasira, umaskini, ulaghai wake. Huwezi kutumia ukurasa mzima kueleza sura yake. Na muda ukiisha, umeisha, hata kama ulikuwa na la kuongeza. Sasa chukua hadithi yoyote aliyoiandika baada ya Delhi, uisome kwa sauti. Utasikia watu kabla ya kuwaona. Wahusika wawili wanajibizana, na katika majibizano hayo unajua nani ana pesa, nani anaogopa, nani anadanganya. Hilo ni zao la redio.

Aliondoka kwa ugomvi, baada ya maandishi yake kuguswa bila ridhaa yake. Alikuwa mkaidi juu ya kila neno lake. Mwaka 1942 alirudi Bombay.

Na filamu je?

Bombay alikwenda mara ya kwanza mwaka 1936, kuhariri gazeti la kila wiki la filamu liitwalo *Musawwir*. Kutoka hapo akaingia studio. Aliandika kwa ajili ya *Kisan Kanya* ya mwaka 1937, inayotajwa kuwa filamu ya kwanza ya rangi kutengenezewa India yenyewe. Baadaye alifanya kazi na kampuni ya Filmistan, kisha Bombay Talkies, akiwa bega kwa bega na mwigizaji nyota Ashok Kumar. Katika filamu *Aath Din* (Siku Nane) ya mwaka 1946 aliigiza mwenyewe, kama mwanajeshi wa anga aliyerukwa na akili.

Kazi yake ya filamu iliyopata sifa kubwa hakuwepo kuiona ikitukuzwa. Hadithi aliyoitunga kuhusu mshairi Mirza Ghalib ilitengenezwa na Sohrab Modi, na filamu hiyo ikapewa Nishani ya Dhahabu ya Rais wa India kama filamu bora ya mwaka 1954. Filamu ilipotoka Manto alikuwa ng'ambo ya mpaka, Lahore, anahangaika na deni la duka; nishani ilipotolewa alikuwa amekwisha kufa.

Filamu zilimpa kipato, zikampa marafiki, na zikampa mitaa ya Bombay. Wapiga debe, waigizaji wa daraja la pili, wanawake wa Kiyahudi, Wakristo wa Goa, wanawake wa kijiji waliokuja kutafuta kibarua: wote wamo katika hadithi kama "Mozelle", "Babu Gopinath" na "Mummy". Aliupenda mji huo hadi kufa.

Kwa nini aliandika sana juu ya makahaba?

Kwa sababu walikuwepo, na waandishi waungwana walipita wakitazama pembeni. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa hiyo nikupeleke ndani ya hadithi moja, "Kali Shalwar" (Suruali Nyeusi).

Sultana ni kahaba aliyehamia Delhi kutoka mji wa Ambala. Ambala alipata wateja wengi, askari wa Kiingereza wakiwa miongoni mwao. Delhi biashara imelala. Nyumba yake inatazamana na reli, na mchana kutwa anasimama barazani akitazama vyuma vinavyong'aa juani, injini zikisukuma mabehewa huku na huku. Behewa moja limesukumwa mara moja, injini ikaliacha, linaenda lenyewe. Sultana anajiona yeye. Amesukumwa, ameachwa, anakwenda, na hajui atasimama wapi.

Mwezi wa Muharram unakaribia, naye hana nguo nyeusi ya kuvaa. Bangili zote zimeuzwa. Ana jambo moja tu la heshima lililobaki: Muharram usimkute bila nguo ya msiba. Mwanamume mmoja mwenye maneno matamu, Shankar, anamwahidi suruali nyeusi, na anamwomba hereni zake. Siku ya kwanza ya Muharram analeta suruali kweli. Sultana anaivaa. Anaingia jirani yake Mukhtar, kahaba mwenzake. Sultana anaona hereni zake masikioni mwa Mukhtar, na Mukhtar anaiona suruali yake mwilini mwa Sultana. Wananyamaza kidogo. Hadithi imekwisha.

Hakuna tendo la ngono lililoelezwa humo. Kuna mwanamke anayetaka kuutimiza wajibu wake wa dini, na mwanamume anayewachezea wanawake wawili bila kutumia hata senti. Kwa hadithi hii Manto alipelekwa mahakamani.

Alishtakiwa mara ngapi, na alifungwa?

Mara sita. Kesi tatu zilikuwa chini ya serikali ya Waingereza, kwa hadithi "Kali Shalwar", "Dhuan" (Moshi) na "Bu" (Harufu). Tatu nyingine zilikuwa Pakistan, kwa "Khol Do" (Fungua), "Thanda Gosht" (Nyama Baridi) na "Upar, Neeche aur Darmiyan" (Juu, Chini na Katikati). Kifungu kilikuwa kilekile, namba 292 cha kanuni ya adhabu iliyoandikwa na mkoloni. Bendera ilibadilika, kifungu kikabaki.

Kesi ya "Bu" ilimkutanisha kizimbani Lahore na rafiki yake Ismat Chughtai, mwandishi mwanamke mwenye ulimi mkali, aliyeshtakiwa kwa hadithi yake kuhusu mapenzi ya wanawake wawili. Walisafiri wote kutoka Bombay. Ismat anasimulia kwamba shahidi mmoja alilalamikia neno "matiti" katika hadithi ya Manto, naye Manto akaruka kuuliza: sasa alitaka niyaite karanga? Wote wawili waliachiwa.

Kesi ya "Thanda Gosht" ndiyo iliyomchosha. Hadithi ilitoka 1949 katika jarida la *Javed*. Mshairi Faiz Ahmad Faiz alikuja kumtetea. Alisema hadithi hiyo si chafu, ingawa haikufikia daraja la juu kabisa la fasihi. Mahakama ya kwanza ilimpa kifungo cha miezi mitatu na kazi ngumu pamoja na faini ya rupia 300. Akakata rufaa, akashinda. Serikali nayo ikakata rufaa, na Mahakama Kuu ikamtoza tena ile faini. Kesi ya mwisho, ya "Upar, Neeche aur Darmiyan", ilisikilizwa Karachi, na hakimu akamtoza rupia 25. Hakimu huyo alikuwa mpenzi mkubwa wa hadithi zake.

Kwa hiyo hakutumikia kifungo. Lakini miaka ya kwenda na kurudi kortini, kulipa wakili na kusubiri tarehe ilimla afya na mfuko.

Kugawanywa kwa India kunamhusu vipi?

Mwezi Agosti 1947 Waingereza waliondoka, na nchi ikakatwa kuwa India na Pakistan. Punjab ilipasuliwa katikati. Lahore ikaenda Pakistan. Amritsar, mji wa utoto wa Manto, takriban kilomita 50 tu kutoka hapo, ukabaki India. Waislamu wakakimbilia upande mmoja, Wahindu na Masingasinga upande mwingine. Watu zaidi ya milioni 10 walihama. Makadirio ya waliouawa yanaanzia laki mbili hadi milioni mbili. Wanawake wengi mno walitekwa na kunajisiwa, na pande zote zilifanya hayo.

Waandishi wengi waliyaandika mauaji haya kwa mizani: ukimtaja Mwislamu muuaji ukurasa huu, mtaje Mhindu muuaji ukurasa ujao, hesabu iwe sawa. Manto hakuhesabu. Katika "Khol Do", mzee Sirajuddin anampoteza binti yake Sakina wakati treni ya wakimbizi inashambuliwa. Vijana wa kujitolea, wa dini yake mwenyewe, wanaahidi kumtafuta. Wanampata. Siku zinapita, mzee haambiwi. Mwishowe msichana anaokotwa karibu na reli akiwa hana fahamu, anapelekwa zahanati. Daktari anataka hewa, anaelekeza dirisha: fungua. Mikono ya msichana, ikiwa kama mikono ya maiti, inafungua kamba ya suruali na kuishusha. Baba anapiga kelele kwa furaha kwamba mwanawe yu hai. Daktari analowa jasho.

Ni kurasa chache tu. Hakuna anayeeleza kilichompata Sakina, wala nani alimtenda. Jarida la *Nuqoosh* lililoichapa lilifungiwa miezi sita.

Mwaka 1948 alitoa pia *Siyah Hashiye* (Pambizo Nyeusi), vijihadithi vya mistari michache michache. Kimojawapo: umati unaishambulia sanamu ya Sir Ganga Ram, tajiri wa Kihindu aliyeijengea Lahore mambo mengi. Mmoja anapanda kuivika sanamu shada la viatu. Polisi wanafyatua risasi, yule mtu anaumia, na anakimbizwa kutibiwa katika hospitali ya Sir Ganga Ram.

Kwa nini basi alihama Bombay, kama aliipenda?

Mwenyewe hakulijibu swali hili kwa neno moja, ila aliacha masimulizi mawili yanayoonesha alivyovutwa huku na huku.

Usiku mmoja Ashok Kumar, Mhindu, alikuwa anampeleka nyumbani kwa gari, wakaingia mtaa wa Waislamu palipokuwa na msafara wa harusi. Manto alitetemeka, aliogopa nyota huyo asiuawe mbele yake, na lawama hiyo aibebe milele. Watu walimtambua Ashok, wakalizunguka gari. Vijana wawili wakasogea, wakamwambia kwa upole: kaka Ashok, huku mbele hakuna njia, shika uchochoro huu wa pembeni.

La pili linamhusu Shyam, mwigizaji, Mhindu, rafiki yake wa damu. Walikuwa wamewasikiliza wakimbizi wa Kisingasinga kutoka Rawalpindi wakisimulia yaliyowapata mikononi mwa Waislamu. Manto akamuuliza: mimi ni Mwislamu, hujisikii kuniua? Shyam akajibu kwamba sasa hivi hapana, lakini wakati ule akisikiliza, angeweza kumuua.

Hapo hapo kulikuwa na barua za vitisho zilizotumwa Bombay Talkies zikilalamikia Waislamu walioajiriwa humo. Mkewe Safia na watoto walikwisha kwenda Pakistan. Januari 1948 akapanda meli kwenda Karachi, na kutoka huko akafika Lahore. Nionavyo, jibu la Shyam ndilo lililomhamisha. Vitisho vya watu asiowajua angevivumilia. Ukweli wa rafiki ulimwonesha kwamba hakuna aliyesalimika.

"Toba Tek Singh" inahusu nini, na kwa nini inasifiwa hivyo?

Miaka miwili mitatu baada ya nchi kugawanywa, serikali mbili zinakubaliana kubadilishana wagonjwa wa akili: Waislamu walioko hospitali za India waende Pakistan, Wahindu na Masingasinga walioko Pakistan waende India. Katika hospitali ya Lahore, wagonjwa wanajaribu kuelewa imekuwaje jana walikuwa India na leo wako Pakistan, ilhali hawajasogea hata hatua. Mmoja anapanda mti na kutangaza kwamba hataki nchi yoyote, ataishi humo mtini.

Bishan Singh ni Msingasinga mzee aliyesimama kwa miguu miaka 15, miguu imevimba, akibwabwaja maneno ya Kipunjabi, Kiurdu na Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu. Anauliza jambo moja tu: kijiji chake, Toba Tek Singh, kiko India au Pakistan? Hakuna anayemjibu kwa uhakika. Siku ya kubadilishana, mpakani Wagah, anaambiwa kiko Pakistan. Anakataa kuvuka. Anasimama katika kile kipande cha ardhi kisicho cha yeyote, na alfajiri anaanguka, waya za nchi moja nyuma yake na za nyingine mbele yake.

Mabadilishano hayo ya wagonjwa yalifanyika kweli. Na Manto aliijua hospitali ya akili ya Lahore kwa ndani, maana alilazwa huko alipokuwa anatibiwa ulevi. Hadithi inasifiwa kwa sababu swali la mgonjwa ni la haki kabisa, na wenye akili timamu ndio wanaoshindwa kulijibu.

Alikuwa mfuasi wa siasa gani?

Hakuna chama kilichomweza. Chama cha Waandishi wa Kimaendeleo, chenye mrengo wa kushoto, kilimsifu mwanzoni kwa hadithi kama "Naya Qanoon" (Sheria Mpya). Humo Mangu, dereva wa gari la farasi, anaamini kwamba tarehe 1 Aprili 1937 sheria mpya itamfukuza Mzungu. Siku hiyo anampiga mwanajeshi mmoja wa Kiingereza, na anatupwa rumande akielezwa kwamba sheria ni ileile. Baada ya 1947 chama hichohicho kikamsema kwamba amepotoka. Serikali ikamwona Mkomunisti, Wakomunisti wakamwona mpinzani wa maendeleo. Aliumizwa sana na kutengwa huko, na hakulificha hilo.

Kati ya 1951 na 1954 aliandika barua tisa kwa Mjomba Sam, yaani Marekani, akijifanya mpwa maskini anayemwomba mjomba tajiri msaada. Kicheko kiko juu, uchungu uko chini. Katika moja aliandika kwamba Marekani itaipa Pakistan silaha ili kuwaimarisha masheikh wakali dhidi ya Warusi. Aliyeishi miaka ya 1980, Marekani ilipowapa wapiganaji wa Kiislamu wa Afghanistan silaha kupitia Pakistan, anaweza kupima mwenyewe alikuwa ameona mbali kiasi gani.

Wasifu wake wa watu maarufu una nini cha pekee?

Anawapenda anaowaandika, na hawasafishi. Katika *Ganje Farishte* (Malaika Wenye Upara) ya mwaka 1952 anakataa katakata desturi ya kumpeleka marehemu kwa dobi, afuliwe tabia kisha atundikwe kama mtakatifu. Yumo Ashok Kumar, yumo mwigizaji Nargis, yumo Ismat, yumo mshairi Meeraji na mipira yake ya chuma aliyoichezea mkononi. Muhammad Ali Jinnah, mwanzilishi wa Pakistan, anasimuliwa kwa mdomo wa aliyekuwa dereva wake. Dereva haijui siasa ya bwana wake. Anajua alivyochagua magari na alivyoupima mpira wa biliadi kabla ya kuupiga. Ukimaliza kusoma unamwona mtu.

Alikuwa anaandikaje?

Juu ya karatasi alianza kwa kuandika 786, tarakimu ambazo Waislamu wengi huzitumia badala ya Bismillahi. Kisha alikunja miguu juu ya kiti, akaandika moja kwa moja, mara nyingi bila kufuta. Mwenyewe alisema hadithi haikuwa kichwani mwake, ilikuwa mfukoni: alikwisha kuchukua malipo, sasa lazima ailete. Watoto wakipiga kelele, wageni wakiingia, aliendelea. Lahore, miaka ya mwisho, aliweza kwenda ofisi ya gazeti, akaketi, akamaliza hadithi, akapokea rupia chache na kuondoka.

Si hadithi zote za miaka hiyo zilizo nzuri. Nyingine zinaonekana kabisa kwamba zilitafuta pesa ya chupa. Hilo lisikufiche kwamba "Toba Tek Singh" nayo ilizaliwa katika dhiki hiyohiyo.

Alikufaje?

Kwa ugonjwa wa ini uliotokana na pombe, mjini Lahore, tarehe 18 Januari 1955. Alimwacha Safia na mabinti watatu, Nighat, Nuzhat na Nusrat. Mtoto wao wa kwanza, Arif, alikuwa amefariki akiwa mchanga. Safia ndiye aliyeubeba mzigo wa ulevi ule, na watu wanaoupamba ulevi wa Manto kana kwamba ndio uliompa kipaji wangemkumbuka mama huyu kwanza. Manto alizikwa makaburi ya Miani Sahib.

Miezi mitano kabla ya kufa alijiandikia maneno ya kaburini, akisema kwamba amelala chini ya udongo akijiuliza nani mtunzi mkubwa wa hadithi fupi, yeye au Mungu. Familia ilichelea kuyachonga, ikaweka maneno mengine.

Pakistan ilimheshimu baadaye?

Ilichelewa. Mwaka 2005, miaka 50 tangu afariki, ilitoa stempu yenye picha yake. Mwaka 2012, miaka 100 tangu azaliwe, serikali ilimtunuku Nishan-e-Imtiaz, nishani ya juu ya kiraia. Filamu za maisha yake zimetengenezwa pande zote mbili za mpaka, Pakistan mwaka 2015 na India mwaka 2018.

Nianze na hadithi ipi, na nizipate wapi?

Anza na "Toba Tek Singh", kisha "Kali Shalwar", kisha "Naya Qanoon". "Khol Do" na "Thanda Gosht" ziache hadi umezoea mkono wake, maana ukianza nazo utadhani ni mwandishi wa kutisha watu tu. Baada ya hapo nenda kwenye wasifu wa Ashok Kumar na wa Shyam. Zitakuonesha Manto mwenye kicheko.

Kwa Kiingereza tafsiri ni nyingi. Za Khalid Hasan zinasomeka kwa urahisi, ingawa alikata na kurekebisha hapa na pale. Za Muhammad Umar Memon ziko karibu zaidi na maandishi ya asili. Hadithi za Bombay zimetafsiriwa na Matt Reeck na Aftab Ahmad katika kitabu kimoja. Anayejua Kiurdu au Kihindi atazipata bure kwenye tovuti ya Rekhta, kwa hati ya Kiurdu, ya Kihindi na hata ya Kirumi. Nawasihi watafsiri wetu waanze na michezo ya redio, ambayo haijapewa uzito unaostahili: majibizano yake yatakaa vizuri sana katika Kiswahili, na redio zetu bado zina wasikilizaji.